Nyama ya Uzi Mwekundu

Mgeni aliingia nyumbani kwa Bibi mchana kweupe, nusu ya uso wake ikiwa nyeusi kwa oili, na kabla hajasema jina lake alivua viatu. Viatu ndivyo vilivyomwokoa. Bibi Agrafena huweza kusamehe mengi, lakini si theluji kwenye zulia lake.

"Samahani, mama," alisema. "Ndege yangu imetapika oili. Nimeiacha mtoni, juu ya barafu. Naweza kukaa hapa mpaka upepo utulie?"

"Kaa," Bibi alisema. "Palasha, mpe mtu bakuli."

Palasha ni mimi. Nilikuwa mezani na karatasi zangu, rasimu ya tisa ya hotuba ya dakika tatu. Ijumaa ile bodi ya wanyamapori ingesikiliza wananchi kwa simu juu ya jambo moja: je, leseni za kuwapiga risasi mbwa mwitu kutoka angani ziendelee, na je, ziongezwe mpaka mwezi wa tano, wakati watoto wao wamo mashimoni? Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, nikarudi kijijini kwetu Nidaka nikiamini kwamba aya moja iliyoandikwa vizuri inaweza kumgeuza binadamu yeyote. Mjomba Wasili alikuwa ameniita Wakili wa Mbwa tangu siku niliyoshuka na sanduku langu la vitabu.

Nilikwenda jikoni, nikampakulia mgeni supu, nikarudi kwenye rasimu.

Kwetu mgeni haulizwi kazi yake mpaka bakuli lake lijazwe mara ya pili. Bibi husema mwenye njaa hujibu kwa tumbo, na tumbo ni mwongo. Basi tulimwangalia tu akila, naye alikula kama mtu aliyekuwa akiiota supu ile tangu Jumapili. Jina alilitaja mwenyewe, Lyle Hovland, wa kusini huko penye barabara. Nilimjazia bakuli la pili, Bibi akakunja mikono kifuani, na saa ya maswali ikafika.

"Kazi yako nini, mwanangu?"

"Rubani, mama. Msimu huu niko kwenye mpango wa mbwa mwitu. Mimi naruka, mwenzangu Rusk anapiga."

Kalamu iliniponyoka. Mjomba Wasili, kwenye kiti chake kando ya jiko la kuni, alianza kutikisika mabega, na mwanzoni nilidhani anakohoa.

"Palasha," Bibi aliuliza polepole, "nyama hii umeitoa wapi?"

"Bandani."

"Paja lipi?"

Nilijua kosa langu kabla sijajibu. Bandani kulikuwa na mapaja mawili ya kulungu, wale wakubwa wa kwetu wenye pembe pana kama masinia. Moja lilikuwa limeganda kama jiwe, kisu kikagoma. La pili lilining'inia karibu na mlango, jua la mwezi wa nne limelilainisha, nami nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye aya yangu. Lile la mlangoni lilikuwa limefungwa uzi mwekundu.

"La uzi," nilisema.

Mjomba akapiga goti lake. "Lo! Wakili wa Mbwa kamlisha mpiga mbwa mwitu chakula cha mbwa mwitu wenyewe! Kaka, pole. Umekula mkopo."

Lyle alilitazama bakuli lake. "Nimekula nini?"

Bibi akamweleza. Wiki mbili kabla, Mjomba alimkuta kulungu mahali Kijito cha Birika kinapoingia mtoni, ameangushwa na mbwa mwitu. Walikuwa wameshiba wakaenda zao, wameacha paja zima. Mtu wa Nidaka akikuta hivyo hachukui kama mwizi. Anachukua kiasi, anaacha kipande cha mafuta na samaki mkavu, halafu anasema asante kwa sauti, hata kama hakuna wa kumsikia. Nyama ile hufungwa uzi mwekundu isichanganyike na nyingine, kwa sababu anayeila anakuwa mdeni wa walioiacha. Hainui mkono juu ya kundi lile mpaka majani mapya ya miti yafikie ukubwa wa sikio la kindi.

"Ndiyo maana mimi siigusi," Mjomba alisema. "Nina mitego yangu. Sili vya mkopo."

"Majani yanafika sikio la kindi lini?" Lyle aliuliza.

"Mwisho wa mwezi wa tano," nilisema.

Akajifuta mdomo. "Leseni yetu inaisha mwisho wa mwezi huu. Na hilo kundi la Birika ndilo tulilolijia." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenye nyumba kwamba kiti chake kimevunjika. "Tukirudi mikono mitupu, mwakani leseni anapewa mwingine. Halafu upepo huu ukikoma, juu ya theluji mpya kila unyayo utasomeka kama gazeti. Siwezi kukudanganya, mama."

Nilihisi moyo ukishuka mpaka kwenye soksi. Katika kundi la Birika kulikuwa na jike mweusi mwenye mimba. Nilikuwa nimemwona mara mbili kwa darubini, tumbo limeshuka, akikagua kingo za kijito kama mama anayetafuta nyumba ya kupanga. Wote walikuwa saba. Watoto wangekuja baada ya wiki tatu au nne, kama mama yao angekuwa hai.

Nilimtazama Bibi, nikingoja amwambie mgeni kwamba deni ni deni. Bibi akasogeza chumvi karibu na bakuli la Lyle.

"Ulikula bila kujua," alisema. "Asiyejua hadaiwi. Maliza, inapoa."

Sikulala vizuri kwa hasira.

Siku ya pili upepo uliendelea kupiga, na Lyle akajipa kazi ya kupasua kuni barazani. Nilimfuata na karatasi zangu. Nilimsomea rasimu ya tisa yote, huku shoka likipanda na kushuka.

"Umesema 'kimsingi' mara saba," alisema nilipomaliza.

"Ndiyo ulichosikia?"

"Nimesikia yote. Unasema kumfuata mnyama kwa ndege kwenye barafu wazi si kuwinda, kwa sababu hana pa kwenda. Sawa. Unasema mama akipigwa, watoto wanabaki shimoni wakimsubiri mpaka wafe. Sawa, hata mimi silipendi hilo. Sasa nikuulize. Dada yangu ana watoto watatu na friza tupu. Kulungu wamepungua. Wewe umesoma. Ulihesabu ndama vuli iliyopita?"

"Nilihesabu."

"Wakawa wangapi?"

Nilitazama viatu vyangu. "Kumi na mmoja kwa kila majike mia."

"Wachache."

"Wachache sana. Lakini theluji ya mwaka juzi ilikuwa nzito, na moto uliunguza malisho, na..."

"Mbona hawamo kwenye hotuba?"

Mjomba, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango bila hata kujificha, alicheka kwa sauti. "Wakili kaficha ushahidi!"

"Mjomba, wewe unamuunga mkono nani?"

"Mimi namuunga mkono kulungu. Awe kwenye sufuria."

Jioni ile niliichana rasimu ya tisa. Niliandika kumi na mmoja juu kabisa ya ukurasa mpya, kwa herufi kubwa, na chini yake sikuweza kuandika kitu.

Asubuhi ya tatu theluji ilipungua ikawa vumbi jepesi tu. Bibi alichungulia sanduku la kuni, ambalo Lyle alikuwa amelijaza mpaka juu, akasema, "Kuni zimekwisha. Nendeni Birika mkalete."

"Bibi, sanduku limejaa."

"Palasha, mimi ni mzee, macho yangu hayaoni. Nendeni."

Tulipanda pikipiki ya theluji, kigari cha kuni kikirukaruka nyuma, tukaiacha pale kijito kinapoingia mtoni na kuendelea kwa miguu. Chini ya misonobari, ambako theluji mpya haikufika, nyayo za asubuhi ile zilikuwa safi. Lyle alisimama. Aliinama, akaweka kiganja chake ndani ya unyayo mmoja. Kiganja kilienea.

"Sijawahi kuwaona hivi," alisema.

"Miaka mingapi unawafuata?"

"Sita. Lakini kutoka juu ni nukta. Nukta nyeusi zinazokimbia."

Tulizifuata. Walikuwa wamepita kwa mstari mmoja, kila mmoja akikanyaga alipokanyaga mwenzake. Tulipofika kileleni mwa kilima cha kwanza, mstari ulitawanyika. Palikuwa na mashimo sita ya mviringo kwenye theluji, kila moja limeyeyuka kidogo na kugandana, kama sahani za barafu. Walikuwa wamelala pale. Katika shimo moja kulikuwa na manyoya meusi.

"Wamepumzika," Lyle alisema.

"Hesabu."

"Sita."

"Wako saba. Sasa angalia nyuma."

Pembeni mwa mstari wa nyayo ulikuja mstari mwingine, peke yake. Nyayo tatu na mchirizi. Nyayo tatu na mchirizi. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa ukiburuzwa. Mstari ule ulifika kwenye yale mashimo sita, na hapo theluji ilikuwa imekanyagwakanyagwa kwa furaha, kama uwanja wa shule baada ya kengele. Kisha wote saba wakaondoka pamoja.

Kileleni mwa kilima cha pili ilikuwa vilevile. Mashimo sita, halafu mchirizi, halafu vurugu za kusalimiana. Kilima cha tatu pia.

Lyle alikuwa amechuchumaa. "Rusk alimpiga mmoja mguuni mwaka jana, mwezi wa pili. Aliingia msituni. Tuliandika kwamba amekufa."

"Hajafa. Wanamsubiri."

"Kwenye kila kilima?"

"Kila kilima."

Alichora mstari kwenye theluji kwa kidole, kisha akaufuta. "Nilikuwa nikiwaona wamelala vilimani hivi. Nikadhani wameshiba. Hapo ndipo huwa nashusha ndege, kwa sababu hawaamki upesi. Wale wanaoongoza kundi wangeweza kukimbia. Hawakimbii. Nikasema hawa wapumbavu kweli."

Nilikuwa na aya nzuri ya kumwambia wakati ule. Niliimeza. Nadhani ndiyo aya pekee ya maana ambayo sijawahi kuisema.

Ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko unaotazama jua, udongo wa njano ulikuwa umemwagwa juu ya theluji nyeupe. Jike alikuwa ameanza kuchimba shimo la kuzalia. Hatukusogea. Tulirudi kwenye miti mikavu, na Lyle akapakia kuni kwa kasi na wingi hata kigari kikapinduka mara mbili njiani, na mara ya pili kilinifunika mimi. Alipomaliza kunifukua tulikuwa tunacheka wote.

Nyumbani kulikuwa na sufuria mbili jikoni.

"Ipi ya uzi mwekundu?" Lyle aliuliza.

"Ya kushoto," Bibi alisema bila kugeuka. "Wewe nimekupikia ya kulia."

Lyle alichukua bakuli lake, akachota kushoto. Alikula akiwa amesimama palepale, kijiko kwa kijiko, mpaka mwisho. Kisha akaliweka bakuli mbele ya Bibi.

"Mpaka sikio la kindi, mama."

Bibi akamfuta masizi shavuni kwa kidole gumba kama anavyonifuta mimi.

"Mungu wangu," Mjomba alisema kutoka kitini. "Sasa kala kwa makusudi."

Nilitaka kurukaruka. Tayari nilikuwa nimeshaiona hotuba yangu: rubani wa miaka sita, mashimo sita ya barafu, bakuli la supu. Nadhani uso wangu ulinisaliti, kwa sababu Lyle alinigeukia.

"Na wewe. Ijumaa usinitaje. Si jina, si 'rubani fulani', si 'mtu mmoja ninayemjua'. Hili ni langu na mama hapa. Marafiki zangu wote wamo kwenye ndege zile, na Rusk ndiye mume wa dada yangu. Nitalibeba mwenyewe, kwa njia yangu. Niahidi."

"Nakuahidi," nilisema upesi, kama mtu anayeahidi kurudisha sahani ya jirani.

Ijumaa anga lilikuwa la buluu kabisa. Saa tatu kasoro rafiki yao mmoja alitua mtoni, akamshusha Rusk pamoja na bomba jipya la oili ambalo Lyle aliliagiza kwa simu, akaruka tena. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia Rusk, na haikuwezekana. Alikuwa mfupi, mwekundu, mcheshi, na alimletea Bibi machungwa sita.

"Nasikia shemeji yangu amenenepa hapa," alisema. "Mama, umemlisha nini?"

"Supu," Bibi alisema.

"Nami nionjeshe, basi."

"Hapana!" tulisema mimi na Mjomba kwa pamoja. Rusk alitutazama kama watu wenye homa, akanywa chai tu.

Walifunga bomba. Mjomba, ambaye asubuhi yote hakuwa ametania hata mara moja, alikwenda bandani akarudi na gunia zito, akalisukuma ndani ya ndege nyuma ya kiti cha Lyle. Kisha akampa redio yake ya mkononi. "Ikikuzimikia tena, tuite. Utaitupa chini siku nyingine ukipita." Rusk aliingia kiti cha nyuma, bunduki magotini, miguu juu ya gunia. Ndege ikateleza juu ya barafu, ikainuka.

Nidaka kila nyumba ina redio ya mawasiliano jikoni, na haizimwi. Humo hutangazwa mtoto aliyezaliwa, glavu iliyopotea na chai iliyochemka. Sisi watatu tulisimama mbele ya ile ya Bibi bila kuambizana. Dakika kumi na tano zilipita. Kisha redio ikakwaruza, na ndani ya ngurumo ya injini tukamsikia Rusk.

"Wale! Wale pale! Saba! Kushoto, shemeji, kushoto!"

"Nawaona."

"Sasa mbona unakwenda kulia?"

Injini tu.

"Lyle! Geuza! Wako kwenye barafu wazi, hata kichaka hakuna!"

"Siwezi, Rusk."

"Usukani umekwama?"

"Usukani mzima. Nimekula."

"Umekula nini?"

"Nimekula kwao. Nitakueleza tukifika nyumbani."

"Nyumbani na nini? Ndiyo siku yetu ya mwisho ya hali nzuri hii! Leseni unaitupa, unajua?"

"Najua."

"Na dada yako nimwambie nini?"

"Mwambie kuna paja la kulungu chini ya miguu yako. La mzee Wasili. Halina uzi."

Nilimgeukia Mjomba. Alikuwa akichunguza dari kwa makini sana.

Redio ilikata. Dirishani tuliiona ndege, ndogo kama nzi, ikigeuza mkia na kushika njia ya kusini. Mpaka leo sijui kama kidole cha Lyle kilibonyeza kitufe kwa bahati mbaya, au alitaka Bibi asikie kwa masikio yake mwenyewe.

Halafu jikoni pote pa Nidaka pakalipuka kelele redioni.

"Jamani mmesikia?"

"Kasema amekula! Kala wapi?"

"Kwa Agrafena, wapi kwingine! Palasha, hiyo itie kwenye hotuba!"

Bibi alishika kipaza sauti. "Agrafena hapa. Yule mtu ameomba asitajwe, na mjukuu wangu amemwahidi. Kwa hiyo mlichosikia hamkusikia."

Kisha ikaja sauti ya mzee Feofan wa nyumba ya mwisho.

"Kusikia nini?"

"Redio yangu mbovu tangu Krismasi," alisema mwanamke mwingine.

"Mimi nilikuwa nakaanga mkate."

"Mimi bado nimelala."

Saa nne kamili watu wote ambao hawakusikia kitu walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa kijiji, wamezunguka simu iliyowekwa mezani na kuongezwa sauti. Mjomba alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Alikuwa amejiandikisha kuunga mkono mpango.

"Nataka kulungu," aliiambia simu kwa sauti kubwa, kana kwamba bodi ilikuwa ng'ambo ya mto. "Sikatai. Nina mitego, na mbwa mwitu nitamfuata kwa miguu yangu, akinishinda amenishinda. Lakini ndege, na watoto wakiwa shimoni? Hapana. Hiyo si kuwinda, ni kufagia. Nimemaliza. Nani anataka dakika zangu zilizobaki?"

Kisha zamu yangu. Sikuwa na rasimu. Nilianza na kumi na mmoja, namba iliyokuwa ikiniumiza, nikasema nilihesabu mwenyewe na kwamba friza za watu ni tupu kweli. Nikasema kuhusu theluji nzito na malisho yaliyoungua. Nikasema kuhusu udongo wa njano juu ya theluji. Kisha nikawaeleza yale mashimo sita na mchirizi unaokuja nyuma, kilima baada ya kilima, na kwamba ndege hushuka hapo kwa sababu hapo ndipo hawakimbii.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mwanamke. Alisikika amechoka, na alisikika mtu wa haki.

"Bi Palasha, nimekusikiliza vizuri. Nitakuwa mkweli, mimi mwenyewe sijaamua, na kura hapa zinakaribiana. Tatizo langu ni hili. Kila anayepinga mpango huu ni mtu asiyeruka. Miaka yote hii hakuna rubani hata mmoja aliyetuambia haya. Je, unamjua hata mmoja, aliyeyaona kwa macho yake, akakataa? Mmoja tu. Kwangu hilo lingetosha."

Ukumbi mzima ulinigeukia. Watu thelathini, na kila mmoja alikuwa na jibu mdomoni. Mzee Feofan alipata kikohozi cha ghafla. Mwanamke wa redio mbovu aliangalia nje. Akilini nilimwona Lyle akila amesimama. Nilimwona jike mweusi kwenye mteremko wa jua, mwaka huu salama, na mwaka ujao, na mwaka utakaofuata, mikononi mwa sauti ile iliyochoka. Sentensi moja. Hata jina nisingelihitaji.

Mjomba Wasili alivuta pumzi kubwa na kufungua mdomo. Bibi akautia biskuti ngumu.

"Sina mtu wa kukutajia, Mwenyekiti," nilisema.

"Una uhakika? Umebakiwa na sekunde arobaini."

"Nina uhakika."

"Haya." Nilisikia karatasi ikigeuzwa. "Ungependa kuongeza lolote?"

"Asante," nilisema, kwa sauti, kama tunavyofanya kwetu.

"Asante nawe. Anayefuata."

Nilirudi nikakaa kati ya Bibi na Mjomba. Bibi alimenya moja ya machungwa ya Rusk, akanipa nusu. Upande wangu wa pili Mjomba aliendelea kutafuna biskuti ile, macho yakimtoka machozi, mpaka simu ilipokatwa.